Mionzi huzeeka, uchafu hauzeeki

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wafamasia, wateknolojia wa maabara, madaktari wa picha, na ninyi wanafunzi mliosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Gulu, Mbarara, Kisumu na Bunia, nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuunganisha humu ndani, na nimefurahi. Habari za dawa za mionzi tumezisoma kwa Kiingereza miaka yote, hata tukirudi nyumbani tunashindwa kumweleza mama mzazi tunashinda tukifanya nini kazini. Leo nitajaribu kusema kwa namna ambayo mama yangu angenifuata hadi mwisho.

Naanza na maziwa.

Nimekulia Ankole, katika nyumba ya wafugaji. Kila asubuhi baba alifunga debe la maziwa nyuma ya baiskeli akalipeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Pale mlangoni alisimama kijana mmoja mwenye koti jeupe lililopauka. Kwanza ananusa. Kisha anatumbukiza laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji. Halafu anachanganya maziwa kidogo na spiriti kiasi kilekile katika kikombe, anatikisa, anaangalia. Maziwa mazima hubaki laini, na yaliyoanza kuharibika huganda vipande vipande palepale. Kazi yote haimalizi dakika tano, na haiwezi kungoja, kwa maana maziwa yenyewe hayangoji.

Siku moja kijana yule alirudisha debe la baba. Alisema, "Mzee, samahani, haya hayapiti." Baba alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake pale kijijini, na kijana yule ni rika la wanawe. Nilimwona baba akifunga debe lake tena juu ya baiskeli bila neno. Njiani alikasirika sana. Lakini jioni alimwambia mama kwamba kama kijana yule angeyapokea maziwa yale kwa kumwogopa, tangi zima la kijiji lingeharibika. Nimelibeba jambo hilo hadi chumba cha dawa za mionzi, na mtaona kwa nini.

Kile chombo tunachopatia teknishiamu, yaani kitu chenye mionzi tunachomchoma mgonjwa ili kamera ione ndani ya mwili wake, wenzetu duniani kote hukiita ng'ombe, na kuitoa dawa humo huita kukamua. Siku niliyolisikia jina hilo nilijiona nimefika nyumbani. Ndani yake, nyuma ya ngao nene ya madini ya risasi, kuna bomba dogo lililojazwa unga wa alumini oksidi. Juu ya unga huo imenasishwa molibdeni-99, ambayo hupungua nusu kila saa 66. Molibdeni inapochakaa huzaa teknishiamu-99m, na hii haishikamani na ule unga kwa nguvu hiyo. Ukipitisha maji ya chumvi, teknishiamu inaoshwa na kushuka kwenye kichupa, molibdeni inabaki. Kesho asubuhi teknishiamu nyingine imejaa, unakamua tena. Nusu-maisha ya teknishiamu, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni saa 6. Inatosha kupiga picha ya mifupa, figo, tezi ya shingo au moyo, na kesho yake mgonjwa karibu hana kitu mwilini.

Basi, katika kichupa hicho tunatafuta nini kabla ya kukigusa kwa sindano?

Kwanza ni molibdeni iliyoponyoka. Huo ni uchafu wa mionzi, na kipimo chake wengi wenu mnakijua: unaweka kichupa ndani ya kasha la risasi, mionzi laini ya teknishiamu inazuiwa na mionzi mikali ya molibdeni inapenya, unaisoma kwenye mashine. Mpaka unaotumika sana ni mikrokiuri 0.15 za molibdeni kwa kila milikiuri 1 ya teknishiamu (kiuri ni kipimo cha wingi wa mionzi). Angalieni neno moja ambalo watu huliruka: mpaka huo ni wa saa ya kumchoma mgonjwa, si saa ya kukamua. Kichupa kilichosoma 0.05 saa kumi na mbili asubuhi, ukikihesabu saa kumi na mbili jioni kimefika karibu 0.18. Hakuna aliyeongeza kitu. Teknishiamu imebaki robo, molibdeni haijapungua hata moja ya nane. Kichupa ni kilekile, daftari la asubuhi linasema kimepita, na jioni hakifai.

Pili ni alumini, na hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea.

Ule unga wa bomba unaweza kumomonyoka na chembe zake zikashuka na dawa. Mpaka tunaoutumia ni mikrogramu 10 kwa mililita 1. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote tulivyo navyo: karatasi yenye rangi maalumu, tone moja la dawa yako, tone moja la maji yenye alumini ya kiasi kinachojulikana. Yote mawili huwa mekundu-waridi. Doa lako likikolea kuliko la mfano, kichupa hakipiti. Ni dakika mbili.

Mwanzoni mwa kazi yangu, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, karatasi hizo ziliisha. Niliagiza, hazikuja. Wiki ya kwanza niliandika kwenye daftari "hakuna karatasi". Wiki ya tatu niliacha kuandika. Akaja mama mmoja kutoka upande wa Soroti, aliyekwisha kutibiwa saratani ya titi, tumpige picha ya mifupa kuona kama ugonjwa umesambaa. Mifupa ilitoka hafifu, na ini likang'aa kama taa. Daktari akaangalia, akanyamaza, akamwita mwenzake. Mama yule hakuambiwa kitu, lakini mgonjwa husoma nyuso. Binti yake alitandika mkeka kwenye varanda ya hospitali wakalala hapo siku mbili wakingoja.

Alumini ikizidi, dawa ya mifupa hujikusanya kuwa chembe ndogo, na chembe kama hizo ndizo ini linazozoa kutoka kwenye damu. Tulipopata karatasi kwa kuazima, doa la kichupa chetu lilikuwa jekundu kuliko mfano kwa mbali. Picha ikarudiwa kwa dawa safi, na ini halikuonekana. Mama akarudi kwao. Sikuwahi kupata nafasi ya kumweleza kwamba usiku wake wa hofu ulitokana na karatasi niliyokuwa nimezoea kuikosa. Nawaambia ninyi.

Kuna uchafu wa tatu ambao sidhani tunausema vya kutosha. Ng'ombe asipokamuliwa Jumamosi na Jumapili, teknishiamu-99m inayozaliwa humo inachakaa ndani kwa ndani na kuwa teknishiamu-99 ya kawaida, ile isiyopungua kwa umri wa binadamu yeyote. Kwa mashine yetu ya mionzi haionekani kabisa. Lakini kikemia ni teknishiamu kamili, inagombania bati lililo kwenye dawa ya kuchanganyia, lile linaloiwezesha teknishiamu kushikana na dawa, sawasawa na ile tunayoihitaji. Bati likiisha, sehemu ya teknishiamu nzuri inabaki huru, inakimbilia tezi ya shingo na tumbo, na picha inatoka na madoa yasiyo na maana. Wanaojua kazi hii hukamua mapema Jumatatu, huyamwaga yale ya kwanza katika pipa la taka za mionzi, wakangoja ya pili kwa dawa zinazohitaji bati kidogo. Ukiona mtu anamwaga maziwa ya Jumatatu usimwone mharibifu. Najua inauma. Mwaka 2009, tanuri la nyuklia la Chalk River kule Kanada liliposimama, molibdeni iliadimika duniani kote, na tukajifunza thamani ya kila tone. Kitu kinapoadimika ndipo mkono unapokuwa mzito kukimwaga, na ndipo kipimo kinapohitajika zaidi.

Sasa nije kwenye dawa za PET, aina nyingine ya picha za mionzi. Wagonjwa wetu wengi wamekuwa wakivuka mpaka kwenda Nairobi kwa picha hizo, na siku inakuja ambayo vijana mlioko humu mtazitengeneza wenyewe. Dawa inayotumika zaidi ni sukari iliyobebeshwa florini-18, FDG. Mtu wa kwanza alichomwa dawa hiyo mwaka 1976 kule Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1986 watafiti wa Jülich, Ujerumani, walipata njia ya kuitengeneza kwa wingi, na ndiyo msingi wa kinachofanywa mpaka leo.

Njia hiyo ni nzuri, lakini inaacha mabaki. Florini inatoka kwenye saiklotroni, mashine inayoitengeneza, ikiwa ndani ya maji, na ndani ya maji ni mvivu, haishikani na kitu. Lazima uikaushe, na kuikausha hutumia kiyeyushi kiitwacho asetonitraili. Lazima pia uipatie msindikizaji wa kuiingiza kwenye kiyeyushi, naye ni kriptofiksi. Baada ya sukari kupatikana, vyote viwili kazi yao imekwisha na vinapaswa kutoka. Unasafisha kwa vichujio. Mara nyingine unatia ethanoli kidogo, yaani kileo, dawa isijiharibu kwa mionzi yake yenyewe. Swali la maabara ni moja: wageni wote wameondoka kweli?

Kwa nini tujali asetonitraili? Mwezi wa tisa mwaka 2017, kule Kasese, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, na 2 wakafariki. Kilichowaua ni sianidi, ile ya muhogo mchungu. Bibi zetu wanaijua bila kuijua kwa jina, ndiyo maana wanauloweka muhogo siku tatu na kuuanika kabla ya kuusaga. Sasa, asetonitraili ikiingia mwilini, ini linaivunja polepole na kutoa sianidi hiyohiyo. Sisemi kwamba mgonjwa wa PET yuko katika hatari ya watu wa Kasese, la hasha, viwango viko mbali sana. Nasema kwamba tunachofanya na kichupa ndicho anachofanya bibi na muhogo wake, na bibi hajawahi kusema leo nina haraka, tusiloweke.

Mwongozo wa kimataifa wa mabaki ya viyeyushi unaruhusu mtu apate asetonitraili isiyozidi miligramu 4.1 kwa siku. Kwa FDG viwango vya Marekani vinaweka mpaka wa miligramu 0.4 kwa mililita, na ethanoli, ambayo ni mpole zaidi, miligramu 5 kwa mililita. Kriptofiksi, ambayo kwa dozi kubwa huvuruga mishipa ya fahamu, isizidi mikrogramu 50 kwa mililita. Hiyo ya mwisho hupimwa kwa doa pia: tone kwenye bamba la silika lililopakwa kemikali ya iodini na platini, unalinganisha na tone la mfano. Tena doa! Nazipenda sana kazi za madoa, kwa sababu macho ya mtu yeyote aliyefundishwa yanatosha na umeme ukikatika hazisimami.

Viyeyushi ndivyo vinavyohitaji mashine, kromatografia ya gesi. Hapa nitawaomba walokole mlio humu mnivumilie, maana mfano ulio karibu ni wa enguli, pombe kali ya kienyeji. Mpishi wa enguli anajua kwamba matone ya kwanza yanayotoka kwenye bomba hayanywewi, yanamwagwa, kwa sababu vitu vyepesi na vibaya hutangulia kuchemka. Anatenganisha kwa joto. Lakini ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na asetonitraili kwenye 82, zimekaribiana mno, chungu hakiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo tunazipitisha, zikiwa mvuke, ndani ya bomba jembamba lenye urefu wa mita nyingi lililozungushwa kama kamba ya katani. Gesi inazisukuma. Kila moja inashikashika kuta za bomba kwa namna yake, moja inachelewa, nyingine inawahi. Mwishoni kuna mwali mdogo wa hidrojeni, kila kinachoungua humo kinaandika kilima kwenye skrini. Saa ya kutokea inakwambia ni nani, ukubwa wa kilima unakwambia ni kiasi gani. Dakika chache, jibu liko mkononi.

Dakika chache, maana nusu-maisha ya florini-18 ni dakika 110. Dawa ya kawaida, kama ya malaria, hukaa ghalani wakati maabara inapima wiki nzima. Hii yetu kipimo cha vijidudu kinachokamilika huchukua siku 14, kwa hiyo jibu lake linakuja mgonjwa yuko kwao zamani. Ndiyo maana vile vinavyowezekana kupimwa kabla ya sindano, vyote vipimwe kabla. Hapo sina msamaha.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonileta. Wenzangu, mionzi huzeeka, lakini uchafu hauzeeki. Asetonitraili haina nusu-maisha. Alumini haina nusu-maisha. Ikiwa asubuhi mililita 1 ya FDG ilitosha mgonjwa mmoja, baada ya dakika 110 anayefuata anahitaji mililita 2 apate mionzi ileile. Baada ya dakika 220 anahitaji 4. Baada ya 330, mililita 8. Kila mililita imebeba asetonitraili ileile ya asubuhi. Kama kichupa kilikuwa kwenye mpaka wa 0.4, mgonjwa wa kwanza amepata miligramu 0.4, wa mwisho 3.2. Mililita mbili tatu zaidi, na tumevuka ile 4.1. Ndiyo sababu vitabu vya viwango vya Ulaya mara nyingi haviandiki mpaka kwa mililita tu, vinaandika kwa ujazo wote wa juu ambao mtu mmoja anaweza kuchomwa. Waliotunga walimfikiria mtu wa mwisho.

Sisi je, tunamfikiria? Hapa kwetu mtu wa mwisho kwenye foleni ni nani? Wa Ntinda au Kololo, hapa hapa Kampala, anafika na gari lake saa moja asubuhi, anachomwa dawa changa, mililita chache. Wa Arua, Kabale au Moroto amelala kwenye basi, ameshuka stendi na jua limeshatoka, amepanda bodaboda, amepotea kati ya majengo ya hospitali ya Mulago akiuliza njia, amefika saa nne karatasi mkononi. Huyo ndiye tunayemchoma dawa iliyozeeka, ujazo mkubwa, uchafu mwingi kuliko wote. Amelipa nauli kubwa zaidi, na tunamwongezea na hilo. Hakuna aliyekusudia. Lakini daftari likiandikwa mara moja tu asubuhi, ndivyo inavyokuwa kila siku.

Hapa Uganda tunazo mamlaka mbili zinazotusimamia. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoanza 1993, inaangalia dawa. Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya 2008, linaangalia mionzi. Kichupa chetu ni dawa na ni mionzi, kinasimama mlangoni kati ya nyumba mbili. Maoni yangu ni kwamba anayekishika kila siku ndiye anayepaswa kujua kanuni za nyumba zote mbili, asingoje mkaguzi wa upande mmoja amkumbushe habari za upande wa pili.

Ombi langu la kwanza linahusu daftari. Karibu na safu ya saa ya kukamua tuongeze safu ya saa ya sindano, na kila mgonjwa ahesabiwe upya: molibdeni kwa saa hiyo, ujazo kwa saa hiyo, mabaki kwa ujazo huo. Ni hesabu ya mtoto wa sekondari. La pili, karatasi za alumini na bamba za silika ziingie kwenye orodha ya vitu ambavyo vikiisha kazi inasimama, kama vile sindano zikiisha kazi inasimama. Sindano hazijawahi kuandikwa "hakuna" wiki tatu.

La tatu ni gumu zaidi, na nawaelekea ninyi wakubwa mlioko mbele. Yule kijana wa kituo cha maziwa aliweza kumrudisha baba yangu kwa sababu kila mtu pale kijijini alijua neno lake ndilo la mwisho mlangoni. Mwenyekiti wa ushirika hakuja kumwambia, huyu ni mzee wetu, pitisha. Katika vyumba vyetu mpimaji mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote kwa cheo na mshahara. Profesa amesimama na wagonjwa sita, kamera imewashwa, ndege iliyoleta dawa imelipiwa, na binti wa miaka 25 ameshika bamba lenye doa jeusi kupita mfano. Anaposema "Profesa, samahani, hiki hakipiti," nawaomba jibu liwe "asante, mwanangu", na wagonjwa waambiwe ukweli na kupangiwa siku, na nauli itafutwe. Msimwulize mara mbili kama ana hakika kwa ile sauti tunayoijua sote. Mwache arudie kipimo kama kanuni inavyosema, kisha neno la mwisho liwe lake.

Nimeleta vitu kidogo. Mezani pale dirishani kuna karatasi za alumini, chupa ya maji ya mfano ya mikrogramu 10, na vichupa vitano visivyo na mionzi nilivyovitia alumini kwa viwango tofauti. Havina lebo. Kila mwanafunzi apime, aandike kipi kinapita na kipi kinarudi, kisha tulinganishe. Dakika mbili kila mtu. Waliokaa nyuma kabisa waanze, tafadhali.